Ilikuwa mafua tu, kisha mkono ukalegea

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Makambako, nauza viazi na parachichi karibu na stendi. Nakuandikia usiku kwa sababu mchana siwezi. Kila nikikaa mtu anakuja kuuliza "mtoto anaendeleaje", na sitaki kulia mbele ya wateja.

Kijana wangu wa kwanza ana miaka sita, yuko darasa la kwanza. Mwezi wa saba, kwenye ile baridi unayoijua, alishikwa na mafua. Mafua ya kawaida, Shangazi: kamasi, kikohozi, joto kidogo usiku. Darasa zima walikuwa nayo. Nilimpa dawa ya maji ya kushusha homa, chai ya tangawizi, nikampaka mafuta kifuani. Siku ya nne aliamka mchangamfu, hadi akagombania sweta na mdogo wake. Nikamwekea uji kwenye kikombe chake cha plastiki cha bluu. Akakishika, kikaanguka. Nikamgombeza, nikamwekea mwingine. Kikaanguka tena. Ndipo nilipomtazama usoni nikaona mdomo umevutwa upande, uji unamchuruzika, na ananiangalia kama mtu anayetaka kusema kitu lakini kinachotoka ni "mmm, mmm". Mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia tu.

Mama mkwe akasema amepigwa upepo. Makambako upepo haukosi, ila yeye alimaanisha ule mwingine. Tuna ugomvi wa mpaka wa shamba na ndugu wa baba mkwe, basi maneno yakapata pa kukaa. Tukaenda kwa mganga, akamfukiza, akasema tusubiri jua lizame. Jioni mguu nao ukawa unaburuzika. Usiku tukaenda zahanati, wakasema ni degedege na malaria, wakamchoma sindano, wakaturudisha nyumbani. Kesho yake mchana, mhudumu mmoja wa kituo kingine alimwambia anyanyue mikono yote miwili. Aliangalia mara moja tu, akaenda kutafuta gari. Tulipofika hospitali kubwa Mbeya wakampiga picha ya CT ya kichwa, daktari akatuita, akasema ni kiharusi. Nilicheka, Shangazi. Nilidhani amechukua faili la mtu mwingine. Kiharusi kilimuua babu yangu akiwa na miaka sabini na kitu, kinamtafuta nini mtoto wa darasa la kwanza?

Daktari alisema huenda yale mafua yamechangia. Neno hilo ndilo linaloninyima usingizi. Nyumbani limeshageuka: "mama yake alimwogesha maji ya baridi", "mama yake alimpeleka sokoni alfajiri". Ni kweli nilimpeleka. Sikuwa na wa kumwachia.

Sasa ni mwezi wa tatu tangu augue. Anatembea, ingawa anachechemea. Maneno yamerudi karibu yote, akichoka ndiyo anayatafuta. Mkono ndio haujarudi. Ameanza kuuficha ndani ya sweta hata jua likiwa kali, kila kitu anafanya kwa kushoto. Hospitali wamempa vidonge vidogo vya aspirini, anakunywa kila siku. Mama mkwe anataka tumpeleke akachanjwe chale.

Na wiki hii mdogo wake wa kike, miaka mitatu, ana mafua. Sijalala siku tatu. Namwashia tochi ya simu usoni kila saa kuangalia mdomo. Baba yao naye, kwa hofu, amekuwa akimkatia nusu ya kidonge cha kaka yake ili "damu isigande". Je, huyu naye itampata? Nilikosea wapi? Na ule mkono utarudi?

Mama wa Wawili, Makambako

*

Marahaba, mwanangu.

Pole. Pole sana, na pole ya usingizi pia. Nitakujibu yote, lakini nianze na jambo uliloliweka mwisho, kwa kuwa ndilo haliwezi kusubiri: ile nusu ya kidonge isimame leo hii. Ukimaliza kusoma sentensi hii, nenda kaichukue chupa ya aspirini, iweke juu kabisa mahali ambapo binti hafiki, na umwambie mume wako, kwa upole, kwamba Shangazi amekataa.

Sababu ni hii. Aspirini kwa mtoto mwenye mafua au tetekuwanga inaweza kuleta ugonjwa unaoitwa Reye, ambao huvimbisha ubongo na kuharibu ini kwa siku chache. Hautokei mara nyingi, lakini ukitokea unaweza kuua, na ndiyo maana watoto hawapewi aspirini kwa homa. Kama binti ataanza kutapika mfululizo, kulala usingizi usioamshika, kuweweseka au kuwa mkali bila sababu, mkimbize hospitali na uwaambie wazi kwamba alipewa aspirini, kiasi gani na siku ngapi. Usimfiche daktari ili kumlinda baba yake. Baba yake hakufanya kwa ubaya. Alimwona mtoto mmoja akianguka, akanyoosha mkono kumdaka wa pili na kitu cha kwanza alichokipata.

Kijana ni habari nyingine. Yeye aspirini amepewa na daktari baada ya picha ya kichwa kuonyesha kuwa mshipa uliziba, haukupasuka. Kiharusi cha kuziba na kiharusi cha kuvuja damu kwa nje vinaweza kufanana kabisa, na dawa inayofaa kwa kimoja ni hatari kwa kingine. Hivyo usimwachishe kwa sababu ya maneno yangu ya juu. Lakini akipata mafua yenye homa, au ukiona vipele vya tetekuwanga mwilini mwake au kwa mtoto mnayeishi naye, mpigie daktari wake siku hiyohiyo, uulize dawa iendelee au isimame kwa muda. Uliza swali hilo kabla hajaugua, siku ya kliniki, na majibu yaandikwe kwenye daftari lake. Wala usimchanganyie dawa nyingine ya maumivu ya dukani bila kuuliza.

Sasa hilo neno "yamechangia".

Daktari alisema kweli, na ninyi nyumbani mmelisikia vibaya. Mwaka 2015 watafiti wakiongozwa na daktari Heather Fullerton wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walichapisha kazi waliyoifanya kwa watoto 355 waliopata kiharusi cha mshipa kuziba, wakiwalinganisha na watoto 354 ambao hawakupata. Katika kila watoto 100 wenye kiharusi, 18 walikuwa wameugua maambukizi ndani ya wiki moja kabla. Kwa wale wengine walikuwa 3 tu. Na maambukizi yaliyoongoza ni hayohayo ya mafua na koo. Kwa hiyo uhusiano upo. Mwili unapopigana na virusi, damu huganda kwa urahisi kuliko siku zote, na kuta za mishipa zinaweza kuvimba kwa ndani. Kwa mtoto mmoja mmoja, mshipa wa ubongo ukabanwa na bonge dogo likakaa. Hatari hiyo ni ya siku chache, kisha hupita pamoja na mafua yenyewe.

Lakini tazama upande wa pili wa jambo hilihili. Umesema darasa zima walikuwa na mafua. Wangapi wamepata kiharusi? Katika nchi nyingi ambako wamehesabu, watoto wanaopata kiharusi hawafiki kumi kwa mwaka katika kila watoto 100,000, na hao watoto 100,000 kila mmoja anaugua mafua mara kadhaa kwa mwaka. Mafua ni njiti ya kiberiti. Njiti ikiangukia nyasi mbichi inazimika yenyewe, na ndivyo inavyokuwa kwa karibu watoto wote.

Maji ya baridi hayagandishi damu ndani ya ubongo wa mtoto. Alfajiri ya sokoni haizibi mshipa. Kama baridi ya Julai ingekuwa inaleta kiharusi kwa watoto, Makete na Kitulo, ambako nyasi zinaamka nyeupe kwa sakitu, kusingekuwa na mtoto anayeshika kikombe. Mafua yanatuandama majira yale kwa kuwa tunajifungia ndani, madirisha yamebanwa, mmoja akikohoa wote tunavuta. (Na hapa nikuombe, kama una jiko la mkaa, lisiingie chumba cha kulala usiku hata baridi iwe kali vipi. Hewa yake haina harufu, na inaua familia nzima usingizini.) Ulimpa mtoto mwenye mafua vitu ambavyo mimi mwenyewe ningempa. Wanaokusema, wasomee mstari huu: hukumsababishia.

Kuhusu ile siku iliyopotea, sitakudanganya. Dakika zina thamani kwenye kiharusi, kwa mtoto kama kwa mzee, na laiti mngefika mapema madaktari wangeanza kumlinda mapema. Ila hata huko kwenye hospitali nyingi na mashine nyingi, watoto wengi hutambuliwa baada ya saa nyingi, kwa sababu ileile iliyokufanya ucheke mbele ya daktari: hakuna anayekitegemea. Nimefanya kazi wodi ya watoto miaka mingi kabla sijastaafu, na nimewaona watu wa vyeti vikubwa wakiandika "degedege" mahali ambapo ilikuwa mkono mmoja tu umekufa ganzi. Yule aliyemwambia mwanao anyanyue mikono yote miwili ndiye aliyeuliza swali linalotakiwa. Ukipita tena pale, mshukuru.

Na swali hilo ningependa kila mama wa Njombe, Iringa na Mbeya alijue. Mtoto akibadilika ghafla, mwambie akuonyeshe meno: mdomo unavutwa upande? Mwambie anyanyue mikono yote mbele, afumbe macho: mmoja unashuka? Mwambie ataje jina lake na la mwalimu wake: maneno yanatoka sawa? Kimoja tu kikigoma, ni hospitali, na ni sasa. Kwa watoto wadogo mara nyingi kiharusi kinaanza na kutetemeka kwa degedege, hasa upande mmoja wa mwili. Au kichwa kinauma ghafla kuliko alivyowahi kulia. Au anatembea kama mlevi wakati jana alikuwa anakimbia. Angalia saa, ukumbuke mara ya mwisho alikuwa mzima saa ngapi, kwa kuwa daktari atakuuliza. Mlaze kiubavu. Usimpe uji, maji wala dawa, maana koo nalo linaweza kuwa limelegea na chakula kikaingia kwenye mapafu. Kijiko kisiingizwe mdomoni, na moshi wa kufukiza usimkaribie mtoto aliyetoka kuugua kifua.

Ipo mitetemeko ya degedege inayoacha mkono umelegea kwa saa kadhaa kisha ukarudi wenyewe, na ipo hali ya uso kupinda peke yake bila mkono wala mguu, jicho likashindwa kufumba. Hiyo si kiharusi. Lakini kutofautisha ni kazi ya daktari. Kazi yako ni kumfikisha.

Turudi kwa ile njiti. Nilisema kwenye nyasi mbichi inazimika. Basi kwa kijana wako swali linalobaki ni kama kulikuwa na nyasi kavu mahali. Hili ndilo ninalotaka uende nalo kliniki, na usitoke mpaka umejibiwa. Je, walimpima selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi? Sisi watu wa nyanda za juu tumezoea kuiita selimundu ugonjwa wa kanda ya ziwa na pwani, lakini damu husafiri na ndoa, na Makambako ni njia panda ya Iringa, Mbeya na Songea. Nani hajaoa au kuolewa na mtu wa mbali? Inakadiriwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu huzaliwa Tanzania kila mwaka, na kwao kiharusi si jambo la nadra hata kidogo. Kipimo ni cha damu tu, na ikionekana ipo, kuna dawa iitwayo haidroksiurea na kuna uangalizi wake. Je, walimpiga altrasaundi ya moyo? Tundu la kuzaliwa nalo kwenye moyo, au vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, vinaweza kurusha bonge la damu hadi kichwani. Je, damu yake ni ya kutosha? Upungufu wa madini ya chuma nao umehusishwa na viharusi vya watoto ambao vinginevyo ni wazima. Na je, alipata tetekuwanga mwaka huu au mwaka jana? Hilo akina mama wengi hawalitaji kwa kuwa vipele vilishakauka, kumbe tetekuwanga inaweza kuathiri mishipa ya ubongo miezi mingi baadaye. Mwambie daktari hata kama ilikuwa kidogo.

Inawezekana vipimo vyote vikarudi vizuri, na hiyo itakuwa habari njema kwa sababu uwezekano wa kujirudia unapungua. Ikionekana mshipa wenyewe ndio mgonjwa, atafuatiliwa kwa karibu zaidi, hasa mwaka wa kwanza. Kwa vyovyote vile, tarehe ya kliniki usiiruke hata siku ya mnada.

Binti sasa. Ana mafua, na nina imani ni mafua tu. Mwache alale, na wewe ulale. Mwanga wa simu usoni kila saa unamwamsha yeye na kukumaliza wewe. Mpe maji, uji mwepesi, supu, mara kwa mara, kwa sababu mtoto aliyekaukiwa maji damu yake inakuwa nzito. Homa ikipanda, parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake. Asubuhi na jioni mwangalie kwa macho ya mchana: anacheza? Anashika kikombe kwa mikono yote? Halafu hesabu pumzi zake akiwa ametulia, dakika nzima kwa saa. Kwa umri wake zikifika 40 au kuzidi, au kifua kikiwa kinabonyea kwa ndani anapovuta hewa, hiyo inaelekea nimonia, mpeleke. Ukweli ni kwamba nimonia ndiyo inayotuulia watoto huku kwetu kuliko kiharusi, mara nyingi sana, na ningependa sehemu ya hofu yako uihamishie huko.

Kisha tafuta kadi yake ya kliniki. Katika ule utafiti wa 2015, watoto waliokuwa wamepata chanjo chache au hawakupata kabisa walikuwa kwenye hatari ya kiharusi karibu mara 7 ya wale waliopata zote au nyingi. Chanjo ya nimokoko, bakteria wanaoleta nimonia, hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ya surua na rubela miezi 9 na miezi 18. Hiyo ya miezi 18 ndiyo akina mama wa biashara tunaisahau, mtoto ameshaanza kutembea na wewe umeshaanza kuamka saa kumi. Angalia kama kisanduku chake kina tarehe. Kama ni kitupu, nenda, wauguzi watakuambia la kufanya.

Nimeuacha mkono mwisho kwa sababu nataka kukaa nao.

Kilichoumia si mkono. Ni sehemu ya kushoto ya ubongo, inayoongoza upande wa kulia na, kwa watu wengi, maneno. Ndiyo maana vitatu hivyo viliondoka pamoja: mdomo, mkono, usemi. Mguu hurudi mapema, vidole huchelewa kuliko vyote, kwa hiyo mpangilio unaouona ni ule tunaouona kwa wengi. Ubongo wa mtoto wa miaka sita bado unajifunza, na sehemu nzima zinaweza kushika sehemu ya kazi ya zile zilizoumia, lakini zinashika kwa kutumwa. Mkono usiotumwa ubongo unausahau. Sweta lile, mwanangu, ndilo linalonitia wasiwasi kuliko mguu unaochechemea. Siwezi kukuahidi kwamba utarudi wote. Naweza kukuambia kwamba miezi hii ndiyo ya kuudai.

Tafuta fiziotherapia, hospitali za rufaa za mikoa wanayo, na uombe mtaalamu wake akuonyeshe wewe, si mtoto tu, mazoezi ya kufanya nyumbani. Mara moja kwa wiki pale kitengo haitoshi. Kazi iko jikoni kwako. Kuna binti wa Makete tulikuwa naye wodini, mkono wake wa kushoto ulikuwa umekunjwa kama kifaranga. Bibi yake alikuwa anakaa chini kwenye mkeka, anamwaga maharage kwenye ungo, mbele yake kopo tupu la kimbo. Mkono mzima wa mtoto anauvisha soksi ya sufu. "Haya, mkono mvivu, maharage yangu." Moja baada ya jingine, kidole gumba na cha shahada, tuk, ndani ya kopo. Siku za mwanzo alikuwa anapata manne, anachoka, analia, bibi anaacha. Hakumgombeza kamwe. Wiki kadhaa baadaye tulikuwa tunaisikia ile tuk tuk kutoka mlangoni kabla hatujaingia.

Wataalamu wana namna yao ya kuufunga mkono mzima kwa saa maalum ili ule dhaifu ufanye kazi, na inasaidia, ila usiianze peke yako bila kuonyeshwa. Mtoto akifungwa kupita kiasi atauchukia mkono na wewe pia. Anza na kazi za mikono miwili ambazo haziwezekani na mmoja: kupukuchua mahindi, kukamua kitambaa cha kufutia meza, kushika bakuli huku anakoroga, kupanga viazi vidogo kwenye sadolini siku unapokuwa naye sokoni. Vipindi vifupi, mara nyingi kwa siku. Kikombe cha bluu usikitupe. Kitie maji kidogo tu, akishike kwa mikono yote.

Shuleni nenda mwenyewe ukaongee na mwalimu wake. Mwambie kwamba aliugua kiharusi, itumie kauli hiyohiyo. Aandike kwa kushoto kwa sasa, asiharakishwe, asichapwe kwa kuchelewa kujibu, maana maneno ndiyo anayatafuta, hana kiburi. Akae mbele. Na wenzake waambiwe kwamba kiharusi hakiambukizi, kabla hawajabuni jina la kumtania.

Mama mkwe wako nimemweka mwisho kabisa ili usimwendee ukiwa na hasira. Kuhusu chale, una hoja ambayo haihitaji kumbishia imani yake: mtoto anakunywa dawa inayozuia damu kuganda, wembe ukimgusa atatoka damu kuliko kawaida, na wembe wa watu wengi una magonjwa yake. Mwambie daktari amekataza mtoto kukatwa popote. Ukimwomba daktari aseme hivyo mbele yake, atasema. Kwa hiyo siku ya kliniki nenda naye. Aketi kwenye kiti, aione ile picha ya kichwa kwa macho yake, daktari amwonyeshe kwa kidole mahali palipoziba. Bibi aliyeambiwa na mkwe wake hasikii, lakini aliyeonyeshwa na daktari atawasimulia hata wale ndugu wa mpaka wa shamba.

Kisha mpe kazi. Anataka kumponya mjukuu, na mpaka sasa hakuna aliyempa njia zaidi ya kuwatuhumu watu. Mwekee ungo, maharage na kopo. Wewe uko stendi tangu alfajiri, yeye yuko nyumbani na mtoto. Saa zile ambazo mkono unajificha kwenye sweta ni saa zake. Mwombe kama unavyomwomba mkubwa, kwa magoti kama kwenu ndivyo ilivyo, wala usimwambie kwamba ni Shangazi wa kwenye safu aliyesema.

Niandikie mkirudi kliniki. Nataka kujua wamesema nini kuhusu moyo na selimundu, binti anapumua mara ngapi kwa dakika, na siku ya kwanza kijana ameweka maharage mangapi kwenye kopo.